Kioo cha ukubwa wa chembe ya mchanga na umeme unaokiamuru

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA katika ukumbi wa mikutano, kanisani au katika kibanda cha kuonyeshea mpira, na ukikuta projekta iliyopo ni ya aina iitwayo DLP, picha unayoiona ukutani haikutoka moja kwa moja kwenye taa. Kabla ya kukufikia, mwanga huo umegonga vioo vidogo mno, vingi kwa malaki, vilivyopangwa safu kwa safu juu ya kipande cha silikoni kisichozidi sana ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Kifaa hicho kilibuniwa mwaka 1987 na Larry Hornbeck, mwanafizikia wa kampuni ya Texas Instruments ya Marekani. Vioo vya matoleo ya awali yaliyoingia sokoni vilikuwa na upana wa takriban maikroni 16 kila kimoja, yaani vyembamba mara kadhaa kuliko unywele wa mwanadamu. Mwaka 1999 filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka huo ilionyeshwa katika kumbi chache za Marekani kwa projekta za namna hiyo, bila mkanda wa filamu, na mwaka 2015 Hornbeck akatunukiwa Oscar, tuzo ambayo kwa kawaida watu wa maabara huitazama kwenye televisheni tu.

Hata hivyo, vioo vya Hornbeck vinajua maneno mawili tu: huku na kule. Kila kimoja huinama kiasi cha digrii 12 upande huu au upande ule, basi. Projekta ikitaka rangi ya kijivu, hukipindua kioo maelfu ya mara kwa sekunde hadi jicho la mtazamaji likachanganya lenyewe nuru na giza. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kukitaka kioo kisimame kwenye pembe yoyote ile, tuseme digrii 3.27, kitulie hapo bila kutetemeka, kisha kwa kufumba na kufumbua kihamie digrii 3.31. Hiyo ndiyo kazi ya kuongoza mwali wa leza. Kioo chenyewe kilipatikana mapema. Kilichowatesa wahandisi kwa miaka mingi ni umeme wa kukiamuru.

Kuongoza leza kwa kioo si jambo jipya. Ndani ya mashine ya kuchapa ya leza iliyoko ofisini kwako mna kioo chenye pande nyingi kinachozunguka kwa kasi, na kila upande wake huupitisha mwali mara moja kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine. Mashine zinazochora maandishi juu ya vyuma hutumia vioo vilivyofungwa kwenye mota ndogo. Vyote hivyo hufanya kazi nzuri, lakini ni vizito, vinakula umeme, na haiwezekani kuvipanga mia mbili katika nafasi ya sarafu moja. Kioo kikubwa pia ni kizembe: kukianzisha kunataka nguvu, na kukisimamisha kunataka nguvu nyingine.

Kanuni ya msingi inajulikana na kila aliyewahi kuchezea kioo juani. Ukikiinamisha digrii moja, mwali unaorudi hugeuka digrii mbili. Kwa hiyo mjongeo mdogo sana wa kioo huleta safari ndefu ya mwali, na hiyo ndiyo faida. Hasara yake ni kwamba kosa la kioo nalo huzidishwa mara mbili.

Mwaka 1980 Kurt Petersen, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha taarifa ya kioo kilichochongwa kutoka kwenye silikoni ileile inayotengenezewa transista. Kioo hicho kilining'inia kwa vijiti viwili vyembamba vya silikoni, kimoja kila upande, mithili ya mlango uliofungwa bawaba juu na chini. Kikivutwa upande mmoja, vijiti hivyo hujisokota. Kikiachiwa, hujisokotoa na kukirudisha mahali pake. Wengi hudhani kwamba silikoni, kwa kuwa huvunjika kama bilauri, haifai kuwa springi. Kumbe katika ukubwa huo, silikoni ya fuwele moja hujipinda na kurejea bila kuchoka kama chuma kinavyochoka.

Swali likabaki: nani atakivuta? Katika vioo vingi vya aina hii anayevuta ni umeme tuli, ule ule unaovinyanyua vipande vya karatasi vikaribiapo kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele. Chini ya kioo huwekwa bamba dogo la kupitishia umeme, yaani elektrodi. Likipewa volteji, humvuta jirani yake wa juu. Uzuri wa njia hii ni kwamba haitumii mkondo wa umeme ila kidogo mno. Kioo kikishafika mahali pake hukaa hapo karibu bila gharama. Ubaya wake ni kwamba volteji inayotakiwa ni kubwa, mara nyingi kati ya makumi kadhaa na zaidi ya 100, ilhali kompyuta inayotoa amri hutumia volti tano au pungufu ya hapo.

Ubaya wa pili ni wa kihesabu. Nguvu ya mvuto hufuata mraba wa volteji. Ukiongeza volteji mara mbili, mvuto huongezeka mara nne. Zaidi ya hayo, kadiri kioo kinavyoikaribia elektrodi ndivyo kinavyovutwa kwa nguvu zaidi. Bamba linaloshuka wima hulisikia springi lake mpaka limemaliza takriban theluthi moja ya nafasi iliyopo. Likivuka hapo, springi hushindwa na bamba hubamizwa chini ghafla, kama mlango uliokuwa ukisukumwa polepole na upepo na mara ukafunga kwa kishindo. Kioo kinachoinama nacho kina mpaka wake wa namna hiyo. Kikishabamizwa kinaweza kunata, kwa sababu katika ulimwengu wa vitu vidogo uzito si kitu, bali kunata ndiko kunakotawala. Mdudu aliyetumbukia katika tone la maji anaujua ukweli huo.

Hapo ndipo ufundi wa saketi unapoanza. Kwa kuwa umeme tuli wa aina hii huvuta tu na hausukumi, mafundi huweka elektrodi mbili zinazokabiliana, kama timu mbili za kuvuta kamba. Badala ya kuanzia sifuri, elektrodi zote mbili hupewa kwanza volteji moja, tuseme 80. Kamba imekaza lakini haiendi popote. Kisha upande mmoja hupandishwa hadi 85 na mwingine hushushwa hadi 75. Mraba wa 85 ni 7,225 na mraba wa 75 ni 5,625. Tofauti yake ni 1,600. Sasa ongeza hatua hiyo mara mbili, yaani 90 dhidi ya 70. Miraba yake ni 8,100 na 4,900, na tofauti ni 3,200, mara mbili kamili. Ule usumbufu wa mraba umetoweka. Amri mara mbili inaleta mvuto mara mbili. Ni hila ya darasa la hesabu la sekondari, na bila hila hiyo programu ya kukiongoza kioo ingekuwa mzigo mkubwa.

Kioo kinachoelekea kulia na kushoto, juu na chini, huhitaji jozi mbili za namna hiyo, yaani elektrodi nne. Kila moja inataka saketi yake ya kugeuza namba za kompyuta kuwa volteji, na kipaza volteji chake. Saketi yenye ngazi 65,536 ikigawiwa volti 100, kila ngazi huwa kiasi cha volti 0.0015. Kelele yoyote ya umeme inayozidi hapo hugeuka kuwa mtetemo wa mwali. Na kelele haikosekani, kwa maana ile volti 100 yenyewe huzalishwa kutoka volti chache kwa saketi inayowasha na kuzima maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, nayo huacha viwimbi katika umeme wake.

Tatizo linalofuata linamhusu kila aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani. Akianza mwendo kwa ghafla, maji yanamwagika; akisimama kwa ghafla, yanamwagika tena. Kioo kilichoning'inia kwenye springi kina kasi yake ya asili ya kutikisika, tuseme mara 1,000 kwa sekunde. Kikipigwa amri ya ghafla, hupita mahali pake, hurudi, hupita tena, na huendelea hivyo mara nyingi kabla ya kutulia, hasa kikiwa mahali penye hewa chache ya kukizuia. Dawa yake ni kulainisha amri. Saketi huchuja kila badiliko lenye kasi inayokaribia ile ya kioo, au programu huigawa amri moja kuwa mbili: ya kwanza inakinyanyua, na ya pili inakuja nusu mtikisiko baadaye, wakati hasa kioo kinapotaka kurudi nyuma, ikakikuta na kukituliza. Kikiongozwa hivyo, hutulia katika muda wa mitikisiko michache tu.

Bado kuna uchovu wa siku nyingi. Chaji za umeme hujificha katika tabaka za kuhami zilizo karibu na elektrodi, na volteji iliyokuwa jana ikitoa digrii 3.27 leo inatoa 3.25. Unyevunyevu ukiingia, volteji kubwa huanza kuila silikoni kwa kutu ya aina yake. Ndiyo maana vioo hivi hufungiwa ndani ya kasha lisilopitisha hewa, chenye dirisha la kioo cha kawaida juu, na ndiyo maana kifaa cha maana hakiamini volteji peke yake. Kinataka kujua kioo kimesimama wapi hasa. Wengine hupima badiliko dogo mno la uwezo wa kuhifadhi chaji kati ya kioo na elektrodi. Wengine huweka jicho la pembeni.

Si vioo vyote vinavyotumia umeme tuli. Viko vyenye koili nyembamba iliyochapwa juu ya kioo chenyewe na kuwekwa kati ya sumaku. Hivyo hutosheka na volti chache lakini hula mkondo na kupata joto. Viko pia vinavyopindwa na utando wa madini unaonyumbuka ukipewa umeme. Kila njia ina matatizo yake, ila umeme tuli ndio uliobeba dau kubwa kuliko yote.

Dau hilo lilichezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, pale biashara ya intaneti ilipokuwa imepamba moto. Mawasiliano yalikuwa yakisafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za faiba, lakini kila yalipofika njia panda ilibidi mwanga ugeuzwe kuwa umeme, usomwe, uelekezwe, kisha ugeuzwe tena kuwa mwanga. Wazo likawa hili: kwa nini usiuache mwanga ubaki mwanga na kuuelekeza kwa kioo? Mwali unatoka katika uzi mmoja, unagonga kioo cha safu ya kwanza, unarushwa kwenye kioo cha safu ya pili, nacho kinautumbukiza katika uzi mwingine. Kiini cha uzi huo kina kipenyo cha takriban maikroni 9, na huko ndiko mwali unakotakiwa kuingia.

Mwaka 1999 kampuni ya Lucent, iliyokuwa ikimiliki maabara mashuhuri za Bell Labs huko New Jersey, ilitangaza swichi ya mwanga iliyoitwa LambdaRouter, yenye vioo 256, kila kimoja kikiwa kama kichwa cha pini. Machi 2000 kampuni ya Nortel ya Kanada ikakubali kuinunua Xros, kampuni changa ya California, kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 3.25 za Marekani. Xros ilikuwa ikiahidi swichi ya nyuzi 1,152 kwa 1,152.

Msomaji na apige hesabu. Swichi yenye nyuzi 1,000 kila upande inataka vioo 2,000, na vioo 2,000 vyenye elektrodi nne kila kimoja vinataka volteji 8,000 tofauti, zote kubwa, zote tulivu, zote zikipita katika waya zinazoingia ndani ya kasha moja dogo. Haikuwa kazi isiyowezekana: mwaka 2003 watafiti wa Bell Labs walichapisha taarifa ya swichi ya nyuzi 1,100 kwa 1,100 iliyofanya kazi. Lakini wakati huo soko lilikuwa limeanguka. Kampuni za simu zilikuwa zimefukia nyuzi nyingi kuliko mahitaji, na hakuna aliyetaka swichi mpya. LambdaRouter iliachwa. Nortel iliomba hifadhi ya mufilisi Januari 2009. Kwa watu wengi hadithi ya vioo hivyo ilikuwa imezikwa pamoja na kampuni hizo.

Haikuzikwa. Mwaka 2022 kampuni ya Google ilieleza hadharani kwamba ndani ya vituo vyake vya data ilikuwa imekwisha kuweka swichi za vioo ilizozitengeneza yenyewe, ambazo imezipa jina la Palomar. Kila swichi inaunganisha nyuzi 136 kwa 136. Kinachofurahisha ni namna ilivyokabiliana na udhaifu wa zamani. Kipande cha silikoni kinatengenezwa na vioo 176, kwa kujua kwamba vingine vitatoka na kasoro, na 136 vilivyo bora ndivyo vinavyotumika. Badala ya kuweka kipimo chini ya kila kioo, kamera inavitazama vyote kwa pamoja kwa msaada wa mwali wa pili usioonekana kwa macho wala kubeba mawasiliano, na programu inavirekebisha kutokana na picha hiyo. Mzigo mkubwa wa saketi za upimaji umeondolewa kwa kamera.

Kampuni hiyo iliripoti kwamba mtandao wa vituo vyake, ulipopangwa upya kwa kutumia swichi hizo na mbinu nyingine zilizoambatana nazo, ulipunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 41 na gharama za ujenzi kwa asilimia 30. Mwaka 2023 ikaeleza kuwa kompyuta yake kubwa ya akili bandia yenye chipu 4,096 za aina ya TPU v4 inaunganishwa na swichi 48 za vioo, zikichukua chini ya asilimia tano ya gharama ya mfumo na chini ya asilimia tatu ya umeme wake. Kioo hakijali mwanga unaokigonga unabeba taarifa kwa kasi gani. Kasi ikiongezwa mwakani, kioo ni kilekile. Ila kina sharti moja ambalo sisi wa miji yenye mgawo wa umeme tunalielewa upesi: umeme ukikatika, vioo vyote hurudi mahali pake pa kulala, na miunganiko yote inatoweka kwa mkupuo.

Liko kundi jingine la vioo ambavyo havitakiwi kusimama hata kidogo. Hivi hutumika kuchora picha kwa leza au kupima umbali wa vitu vilivyo mbele ya gari. Chukua picha yenye mistari 720 inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde: hiyo ni mistari 43,200, na kama kioo kinachora kikienda na kikirudi, lazima kitikisike zaidi ya mara 21,600 kwa sekunde. Hakuna wa kukilazimisha mwendo huo kwa mabavu. Hutengenezwa ili kasi yake ya asili iwe hiyohiyo, na saketi humsindikiza tu, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake. Joto likibadilika, kasi hiyo hubadilika kidogo, na saketi hulazimika kuifuata. Miwani ya HoloLens 2 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2019 na ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2024, ilichora picha zake kwa vioo vya namna hii.

Hapa umeme wa kuendeshea una jukumu linalopita ubora wa picha. Leza inayozungushwa haraka hugawa nguvu yake katika eneo pana, hivyo haidhuru jicho. Kioo kikivunjika au kikisimama, nguvu yote hubaki katika nukta moja, na nukta hiyo inaweza kuwa mboni ya mtu. Saketi lazima igundue kwamba kioo kimesimama na kuikata leza mara moja, kabla jicho halijaumia. Mnunuzi wa kifaa cha bei ya chini kupita kiasi angefanya vyema kuuliza kama saketi hiyo imo.

Ukubwa nao una mpaka wake. Mwali unaotoka katika kioo cha upana wa milimita moja hutanuka wenyewe kwa asili ya mwanga. Leza nyekundu iliyotoka hapo itakuwa na upana wa takriban sentimeta nane baada ya mita 100. Kwa mwendo wa kilomita, kioo kidogo hakifai. Kinatakiwa kikubwa zaidi, nacho kina uzembe wake. Mfano ulio karibu nasi ni mradi wa Taara, uliotokana na maputo ya Loon, yale yaliyokuwa yakirusha intaneti juu ya anga la Kenya kuanzia mwaka 2020 hadi mradi huo ulipofungwa mwaka uliofuata. Mwaka 2021 Taara ilieleza jinsi ilivyorusha leza kutoka Brazzaville hadi Kinshasa juu ya Mto Kongo. Miji hiyo inatazamana kwa umbali wa kilomita 4.8 tu, lakini njia ya faiba ilikuwa ikizunguka zaidi ya kilomita 400, na bei ya intaneti Kinshasa ilipanda kwa sababu hiyo. Katika siku 20 mwali huo ulibeba karibu terabaiti 700.

Vioo vya Taara si vya kutazamwa kwa darubini. Kifaa kizima kina ukubwa wa taa ya barabarani ya kuongoza magari. Lakini shida ni ileile. Mnara hutikiswa na upepo, joto hupinda chuma, na mwali unapaswa kulenga shabaha ya sentimeta tano iliyo umbali wa kilomita 10. Vipimo vinasoma, saketi inarekebisha, kioo kinafuata, mchana na usiku.

Mwaka 2025 Taara, ikiwa imejitenga na kampuni mama ya Alphabet na kujitegemea, ilionyesha chipu ya ukubwa wa kucha ambayo haina kioo kabisa. Inauelekeza mwali kwa kuchelewesha kidogo mwanga unaotoka katika vitundu vyake vingi, na katika majaribio ya nje ilipitisha gigabiti 10 kwa sekunde kwa umbali wa kilomita moja. Hakuna kinachotikisika ndani yake, wala springi la kuchoka. Kilichobaki ni saketi za umeme zinazotakiwa kuamuru kila kitundu, na hesabu yake ni ndefu kuliko ile ya elektrodi nne.